Pikipiki Katika Zizi la Ndama

Ilianza siku ya Jumatano, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, wiki ya pili ya likizo ya Juni. Saa naijua kwa sababu duka la Mzee lina saa ya ukutani inayoonekana mpaka barabarani, nami nilikuwa napita pale na debe la maji kichwani. Mzee alitoka mbio kwenye banda lake la nyuma, kofia mkononi, kichwa wazi. Tangu nizaliwe sikuwahi kukiona kichwa chake. Akasimama katikati ya barabara, upepo wa Singida ukimpeperusha kanzu, akapiga kelele:

"Nimeibiwa! Jamani, nimeibiwa! Zote mbili!"

Mimi nilijua zilipo. Nasema hili mapema ili mtu asije akanifikiria vizuri kuliko ninavyostahili. Nilijua zilipo, na nilisimama pale na debe langu, maji yakinidondokea shingoni, nikafunga mdomo.

Mzee ni mfanyabiashara wa hapa mjini. Baba yake alitoka pwani, mama yake Tabora, na duka lake linauza vitambaa, chumvi na majani ya chai. Watu wengine wakipata fedha huoa, au hujenga. Yeye hukusanya pikipiki za kale. Alikuwa nazo mbili, zote za wakati wa Mjerumani. Moja aliikuta misheni, kuku wanalala juu yake. Haina mnyororo, gurudumu la nyuma linazungushwa na mkanda wa ngozi, kama cherehani. Ya pili aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, nayo ina honi ya shaba yenye mpira wa kubinya. Wazungu husafiri kutoka Dodoma kuja kuzitazama tu. Wanazizunguka, wanainama, wanapiga picha, wanakunywa chai ya Mzee, wanaondoka. Sijaelewa mpaka leo, ila ndivyo ilivyo.

Baba yangu ndiye fundi na mtunzaji wa hilo banda. Alijifunza mashine jeshini, wakati wa vita hivi vya pili. Kila Jumamosi huzipaka mafuta na kuyazungusha magurudumu, ili mpira usikae upande mmoja. Ufunguo mmoja anao yeye, mwingine anao Mzee. Hakuna wa tatu.

Sasa, mwezi wa Mei Mzee alikwenda pwani kutibiwa macho. Akiwa huko akasikia kwamba rafiki yake wa Kintinku, mzungu mstaafu ambaye naye hukusanya pikipiki kuukuu, ameibiwa. Wezi walikuja mchana, wakazifunga pikipiki kwa magunia, wakazipakia kwenye treni kama mashine za kusaga, na abiria wakawasaidia kunyanyua. Mzee akatuma barua kwa Baba. Ilifika siku ya tatu ya likizo yangu. Baba husoma namba na majina ya vipuri, barua humshinda, kwa hiyo niliisoma mimi, mara mbili. Mwishoni iliandikwa: "Linda mali yangu kwa njia yoyote unayoijua wewe, nami sitakuuliza."

Baba aliichukua ile barua, akachana kipande cha pembeni, akasokotea tumbaku. Akavuta. Akachana kingine. Kufikia jioni ile barua ilikuwa imekwisha.

Lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo Baba ataonekana kichaa. Kwetu mtu mwenye ng'ombe ishirini haweki ng'ombe ishirini nyumbani kwake. Anabaki na watano. Wengine anawaweka kwa watu: watano kwa shemeji, sita kwa rafiki, wanne kwa mjomba anayekaa mbali. Ugonjwa ukiingia kwenye zizi moja, mengine yanapona. Mwizi akija, hapati wote. Anayefuga anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Na hakuna anayetaja mbele ya watu ng'ombe wake wako wapi, wala kwa nani. Ukitaja umejivua nguo, wewe na yule aliyekufugia. Aliyeweka ndiye atakayekwenda kumtoa, kwa miguu yake, kwa adabu, baada ya salamu.

Kwa akili ya Baba, banda lenye pikipiki mbili lilikuwa sawa na zizi lenye ng'ombe wote. Akaazima mkokoteni wa punda, akafunika kwa mabua ya mtama, akaipeleka moja kwa mama yake, njia ya Ilongero. Siku ya pili akaipeleka nyingine kwa mdogo wake, jirani na hapo. Mimi nilimwona akifunga mabua, nikamwuliza. Akaniambia, kisha akasema: "Usimwambie mtu. Mwenye mali nitamwambia mwenyewe, akirudi, pembeni."

Simwambii mtu kitu mimi. Shuleni mwalimu huniita kisima chenye kifuniko. Ila huwa naandika. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari langu, pamoja na ile barua neno kwa neno, kwa herufi ndogo sana ninazoandika makusudi ili mdogo wangu asiweze kuzisoma.

Basi, Jumatano ile. Watu walijaa upesi. Muuza kahawa aliacha birika lake. Baba akaja kutoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, mikono myeusi.

"Shikamoo Mzee," Baba akasema. "Pole na safari. Macho yanaendeleaje?"

"Macho yanaona banda tupu! Pikipiki zangu ziko wapi?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Zipo salama. Twende pembeni nikueleze."

"Pembeni? Pembeni kuna nini? Ewe bwana, sema hapa hapa, watu wote wasikie!"

Baba akawatazama watu wote, mmoja mmoja. "Hapa siwezi."

"Kufuli halikuvunjwa," mama mmoja muuza vitumbua akasema. "Mwizi gani huyo mwenye adabu ya kufunga mlango?"

"Labda zimeondoka zenyewe," muuza kahawa akasema. "Miaka yote zimesimama tu, na zenyewe zinataka kutembea."

Watu wakacheka. Mzee akazidi kuwaka. Nilitamani kuwapiga wote wawili, Mzee na Baba. Hatua ishirini tu! Wangekwenda hatua ishirini, nyuma ya mti wa mwarobaini wa duka, Baba aseme maneno kumi, yaishe. Lakini Mzee aliona aibu kuitwa pembeni kama mtu anayeficha kitu, na Baba aliona aibu kusema hadharani kama mtu asiye na wazazi. Watu wazima wawili, na mimi na debe langu. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Wakati sajini wa polisi anafika, Baba alikuwa ameshasema "hapa siwezi" mara nne. Sajini hakuuliza mara ya tano. Akamchukua.

Saa sita mchana Mama alinituma bomani na ugali na mlenda. Baba alikuwa kwenye chumba cha mahabusu chenye dirisha dogo la nondo. Alinawa, akamega tonge, akaniuliza kabla hajalitia mdomoni:

"Umesema?"

"Hapana, Baba."

"Vizuri."

Hilo neno "vizuri" lilinichoma kuliko yote. "Baba, watakufunga."

"Mzee atapoa. Akipoa atakuja kuniuliza kama mtu mzima."

"Na asipopoa?"

"Mlenda huu una chumvi nyingi," akasema, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Wakati wa kutoka, sajini akaniambia nimwambie Mama alete nguo za Baba. Kesho saa mbili asubuhi lori la boma litakwenda Manyoni, na Baba atakuwa ndani yake, kisha apande treni mpaka Dodoma kwa hakimu. Nikatembea mpaka kwenye jiwe kubwa lililo karibu na boma, nikajificha nyuma yake nisilie mbele ya watu. Dodoma! Nani huko angemweleza hakimu wa Kiingereza habari za ng'ombe wa kuwekwa? Hata Mzee, aliyezaliwa na kukulia hapa hapa mjini, hakuwa anazijua. Hajawahi kuwa na ng'ombe hata mmoja. Nyama hununua.

Nikaamua kumwambia mwenyewe.

Dukani niliingia, nikasema, "Shikamoo." Akaitikia bila kunitazama. Nikasimama. Mteja akanunua chumvi, akatoka. Nikasema, "Shikamoo." Mzee akainua macho, akaitikia tena. Nikataka kusema, nikajikuta nasema "Shikamoo" ya tatu.

"Marahaba, marahaba, marahaba! Binti, umekuja kunisalimu mpaka jioni?"

"Moja ipo kwa bibi," nikasema, nikiitazama mizani.

Nilidhani atafurahi. Nilidhani atasema, alaa, kumbe ni hivyo, kisha aende akamtoe Baba. Badala yake akamwita askari, akawasha kigari chake cha mizigo, nikawekwa katikati yao kama gunia, na tukaondoka.

Bibi alikuwa anapura uwele uani. Nyumba yake ni tembe, ndefu na fupi kwa kimo, paa la udongo, na upande mmoja wa ndani ndiko wanakolala ndama. Mzee aliruka kutoka kwenye gari.

"Mama, pikipiki yangu iko wapi?"

Bibi aliendelea kupura. Alipiga mara tatu, nne. Nikamsalimu mimi. Akaniitikia, akauliza masomo, akauliza Mama, akauliza mdogo wangu na jino lake. Ndipo Mzee akaelewa, akameza mate, akasalimu. Wakaanza upya: mavuno, upepo, macho yake, mifugo. Ikaja mpaka mwisho. Mzee alikuwa anatoka jasho.

"Sasa, mama, nimefuata pikipiki yangu."

"Sina pikipiki yako. Nina ya mwanangu."

"Mwanao kaitoa wapi? Ni yangu!"

"Hayo mtayamaliza ninyi wawili. Aliyeniletea ni yeye. Atakayeiondoa ni yeye. Yuko wapi?"

"Yuko mahabusu!" Mzee akasema.

"Basi mtoeni aje," Bibi akasema, kama vile ni jambo la kumwita mtu aliyekwenda kisimani.

Askari hakungoja. Akainama, akaingia ndani, tukamsikia akikohoa moshi, kisha ndama mmoja akalia, kisha Bibi akapiga kelele, "Angalia ndama wangu, wewe!" Akatoka akiisukuma ile pikipiki ya mkanda. Lo! Iling'aa. Bibi alikuwa ameipaka mafuta ya nyonyo kila asubuhi, kuanzia usukani mpaka gurudumu, kwa sababu Juni kuna baridi na Baba alimwambia itunzwe isipate kutu.

"Tazama ilivyonenepa," Bibi akasema kwa majivuno.

Mzee hakutazama unene. Alitazama pale palipokuwa na mkanda wa ngozi. Palikuwa na kipande kama ulimi, kimetafunwa. Ndama wamependa mafuta, wakala na ngozi.

"Mkanda wa Mjerumani," Mzee akasema kwa sauti ndogo. "Mkanda wenyewe wa Mjerumani."

"Ngozi zipo, nitakupa," Bibi akamwambia, kwa moyo mweupe kabisa. Nilifumba macho.

Hapo hapo, kutoka shambani, tukasikia: Po! Po-po! Po!

Mzee aliinua kichwa kama mama aliyesikia mwanawe analia. "Hiyo honi yangu!"

Baba mdogo alikuwa juu ya ulingo katikati ya mtama, analinda ndege. Kila kundi likishuka, anabinya mpira, honi ya shaba inalia, ndege wote wanaruka juu. Kusema kweli ilifanya kazi kuliko kombeo. Alishuka, akasalimu vizuri, akaishika honi mbele yake kwa mikono miwili.

"Umeing'oa!" Mzee akasema.

"Sikuing'oa, nimeifungua. Hayo ndiyo maziwa yake, Mzee. Anayefuga anakunywa maziwa. Sasa pikipiki haikamuliwi, na mimi sijui kuiendesha. Nikaona nichukue honi tu. Sehemu nyingine zote sikugusa."

"Na yenyewe iko wapi?"

Baba mdogo akamtazama askari, akatazama mtama. "Nimeiweka mbali."

"Mbali wapi?"

"Huko."

Nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa Kinyaturu kwamba Baba atapelekwa Dodoma. Alishituka. Akaniambia kwamba siku nne zilizopita alipita mtu mgeni, amevaa viatu vizuri, anauliza kama kuna watu wenye mashine kuukuu, anazinunua. Baba mdogo akaogopa, akaipeleka Sepuka, kwa baba mkwe wake. "Mweleze Baba yako, si hawa," akasema. "Baba yako akija nitamfuata mpaka huko, tutaitoa."

"Baba hawezi kuja! Yuko ndani kwa sababu hasemi zilipo!"

"Basi wamtoe kwanza," akasema. Alifanana na Bibi mpaka nikataka kulia.

Askari alikuwa ameshatoa kijitabu. Aliandika huku akisoma kwa sauti, polepole, kwa raha zake: mali moja imekutwa kwa mama mzazi wa mtuhumiwa, kifaa kimoja kimekutwa kwa mdogo wake, mali ya pili imefichwa na huyo mdogo mahali asipotaka kupataja. Akapiga mstari chini. "Kumbe ni ukoo mzima," akasema.

"Ukoo mzima!" Mzee akasema.

Hivyo ndivyo nilivyomsaidia Baba. Asubuhi alikuwa fundi aliyepoteza pikipiki mbili. Jioni alikuwa mkubwa wa kundi la wezi, na mama yake yumo. Kwenye gari, njia nzima ya kurudi, pikipiki ikigongagonga nyuma yetu, nilijaribu.

"Si wizi, Mzee. Ziliwekwa."

"Nani aliniomba ruhusa ya kuziweka?"

"Uliandika," nikasema, lakini nililisema nikiwa nimeinamia magoti yangu, na gari lilikuwa linapanda mlima. Hakusikia. Sikurudia. Ningeweza kurudia. Kutoka pale mpaka mjini ni zaidi ya saa nzima kwa barabara ile, nami niliitumia yote kupanga sentensi moja ambayo sikuisema.

Nyumbani Mama alikuwa anachambua mchicha. Nilimweleza yote. Hakupiga kelele, ila alichambua ule mchicha mpaka majani mazuri yakaanza kwenda upande wa kutupa.

"Ungesema asubuhi," akasema, "au ungenyamaza mpaka mwisho. Wewe umechagua katikati."

"Nilitaka kumwambia habari ya barua."

"Barua ipo wapi?"

"Baba aliivuta."

Mama akaacha mchicha. "Yote?"

"Yote, na bahasha."

"Mume niliyempata!" Mama akasema, akainua macho kwenye miti ya paa. "Mume niliyempata! Neno moja la kumwokoa, kalifanya moshi."

Halafu nikasema kwamba barua niliinakili. Mama akaniuliza wapi. Nikasema kwenye daftari. Akaniambia nilipeleke kesho alfajiri, kwa nini nimekaa kama jiwe? Alidhani naogopa askari. Daftari lile halijasomwa na mtu mwingine yeyote tangu nilianze. Na juu ya ukurasa ule wa barua, kabla ya barua yenyewe, nilikuwa nimeandika jambo lingine.

Alhamisi saa moja na nusu nilikuwa bomani. Lori lilikuwa limeshawashwa, linatetemeka. Baba amekaa juu ya magunia, nguo zake kwenye kifurushi, askari pembeni yake. Aliponiona na daftari alikunja uso. Nikapita.

Ndani, sajini alikuwa mezani, chini ya picha ya Malkia, na Mzee amekaa mbele yake kuweka sahihi ya mashitaka. Kofia ilikuwa imerudi kichwani. Askari wa jana naye alikuwepo. Nililiweka daftari juu ya meza, limefunguliwa.

"Nini hiki?" sajini akauliza.

Nikalisukuma karibu naye.

"Binti wa shule, nina kazi." Akalivuta, akalishika ukurasa wa kushoto kwa dole gumba, akainamia ule wa kulia. Akalisogeza kwenye mwanga. "Hiki ni nini, mwandiko au sisimizi? Soma mwenyewe. Kwa sauti."

Nikaanza. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Nilisoma siku, nikasoma kwamba barua imekuja. Nikaruka, nikaanza na maneno ya barua.

"Simama," sajini akasema. "Kidole chako kimeruka. Hapa pana mistari mitatu hujaisoma."

"Haihusu."

"Inayohusu najua mimi. Ukiruka mstari, huo si ushahidi, ni hadithi. Soma yote, au funga, lori liondoke."

Nje dereva alipiga honi. Nilitazama mistari ile mitatu. Nilitamani ndama wa Bibi wangeila.

Nikasoma: "Mzee anazipenda sana pikipiki zake, lakini hajui kuendesha hata moja. Likizo ya Desemba nilimchungulia kwenye tundu la bati. Alikuwa amepanda ile ya mkanda, ameshika usukani, anafanya vuu, vuu, kwa mdomo, na alipopiga kona aliinama upande kama kweli. Nilitaka kucheka, kisha nikamwonea huruma, nikaondoka."

Askari wa jana akatoa mlio puani. Sajini akamkazia macho. Mzee alikuwa anatazama mikono yake, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Mimi nilitamani niwe Manyoni, niwe Dodoma, niwe mahali popote lori lile lingeweza kunifikisha.

"Endelea," Mzee akasema. Si sajini. Mzee.

Nikasoma barua. Habari ya mzungu wa Kintinku, magunia, treni. Nikafika mwisho: "Linda mali yangu kwa njia yoyote unayoijua wewe, nami sitakuuliza." Nikasoma jinsi Baba alivyopeleka moja kwa mama yake na nyingine kwa mdogo wake, kama ng'ombe, ili mwizi asizikute pamoja, na kwamba mwenye mali akirudi ataambiwa. Nikasoma mpaka nukta ya mwisho. Halafu nikawaambia, bila kuulizwa, habari ya yule mgeni mwenye viatu vizuri, na kwamba ya pili iko Sepuka kwa baba mkwe wa baba mdogo. Nikalitaja Sepuka. Kwa sauti, mbele ya watu watatu na dirisha wazi.

"Mzee," sajini akasema, "barua hiyo uliandika?"

Mzee aliweka kalamu mezani. "Macho yalikuwa yamefungwa vitambaa," akasema. "Nilimtajia mpwa wangu, yeye akaandika. Nilikuwa na maumivu, nilisema mengi." Akavuta pumzi. "'Nami sitakuuliza.' Ndiyo. Nililisema hilo."

"Na jana ulimwuliza mbele ya soko zima."

"Nilimwuliza."

Sajini akaichukua ile karatasi ya mashitaka isiyo na sahihi, akaikunja mara mbili, akatoka mlangoni. "Mteremsheni huyo!" akamwambia askari wa kwenye lori.

Mzee alinipita wakati wa kutoka. Nilidhani atanipiga au atanilaani. Alisimama tu, akaniambia chini chini, "Kona ile inataka uiname. Ukikaa wima unaanguka." Akaenda zake.

Lori likaondoka bila Baba. Yeye alisimama pale na kifurushi chake, akamfuata Mzee, wakaenda wote wawili nyuma ya jiwe lile kubwa, hatua kama ishirini, wakaongea pembeni. Haikuchukua muda hata wa kumenya ndizi. Wakakubaliana waende Sepuka kesho yake, baada ya salamu kutumwa. Nilikaa chini nikawatazama, nikiwa nimechoka kuliko mtu aliyepura uwele.

Njiani kurudi Baba alitangulia mbele yangu. Hakunishukuru. Tulipofika karibu na kisima akasema, bila kugeuka:

"Umetaja Sepuka."

"Ndiyo, Baba."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo, Baba."

Akatembea kidogo. "Kwenye daftari hilo, umeandika na ng'ombe wetu walipo?"

"Hapana, Baba," nikasema.

Nilikuwa nimeandika. Wote, na majina ya wanaotufugia, ukurasa wa kushoto, ule ule ambao sajini aliushika kwa dole gumba lake wakati wote ninasoma.

Nyumbani Mama alikuwa amebandika chungu cha uji. Nilikaa karibu na mafiga, nikafungua daftari, nikachana ule ukurasa taratibu usiharibu wa jirani, nikauingiza chini ya chungu. Uliwaka upesi. Mama alikuja nyuma yangu na mwiko.

"Unachoma nini?"

"Karatasi."

"Ongeza," akasema. "Uji haujachemka."